Ng'ombe Amepoteza Herufi Gani?

Jumamosi moja mwaka jana, sebuleni mwangu hapa Umoja, Nairobi, niliwaeleza watoto saba wa Gredi ya Nne na ya Tano kwamba ile alama ndogo inayoning'inia ndani ya neno la Kiingereza “don't” ni kama kaburi: mahali ilipo, kuna herufi iliyozikwa. Niliwaonyesha kwamba “do not” ni maneno mawili, kwamba yakitamkwa kwa haraka hubanana hadi ile “o” ya pili ikatoka, na kwamba mwandishi mwungwana huacha alama pale ili msomaji ajue kuna aliyeondoka. Nilijipongeza kimoyomoyo kwa mfano huo wa kaburi. Ndipo mtoto wa jirani, ambaye kwa kawaida husema machache na kula maandazi mengi, alipoinua mkono na kuniuliza, “Mwalimu, kwa hivyo ng'ombe amepoteza herufi gani?”

Wenzake walicheka hadi mmoja akapaliwa na chai. Mimi sikucheka, kwa kuwa sikuwa na jibu la papo hapo, na kwa kuwa nilitambua dakika ileile kwamba mtoto yule ameuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza miaka 19 iliyopita, siku nilipoanza kufundisha Kiingereza katika shule ya msingi.

Ng'ombe hajapoteza chochote. Ritifaa iliyo katika jina lake haituambii kwamba kuna herufi iliyotoka. Inauambia ulimi usiitamke “g” kama inavyotamkwa katika ngoma, ngano na nguo, bali sauti ipitie puani kama katika ng'ambo, ng'oa na ng'ara. Ni alama ya sauti, wala si alama ya pengo. Katika Kiingereza, kinyume chake, alama ileile haina sauti yoyote ya kwake, na kazi yake kubwa ni kuonyesha palipo na pengo. Mtoto wa Nairobi hufundishwa alama hii mara mbili na walimu wawili, katika vipindi viwili tofauti na kwa majina tofauti: huku inaitwa ritifaa au kibainishi, kule inaitwa apostrofi, na hakuna anayemwambia kwamba ni alama moja iliyoajiriwa kazi mbili. Basi mtoto hujitafutia maelezo yake mwenyewe, na watoto wakiachwa wajitafutie maelezo ya sarufi, hupata maelezo yenye mantiki ya kuogofya.

Ikumbukwe pia kwamba huyu si mgeni wa alama yenyewe. Kabla hajasoma sentensi moja ya Kiingereza, amekwisha kuiona katika majina ya wenzake kwenye sajili ya darasa, kwa maana hakuna darasa la Nairobi lisilo na Ng'ang'a, Lang'at au Nyong'o, na ameiona katika Murang'a anakotoka nyanya yake na katika Lang'ata, ijapokuwa mabango mengi ya barabarani na mbao za matatu huiacha na kuandika Langata tu. Kwa hivyo, anapofika Gredi ya Nne, ambapo kwa mujibu wa sera Kiingereza kinachukua nafasi ya lugha ya eneo kama lugha ya kufundishia, tayari amekata shauri kwamba alama hii ni rafiki wa “n” na “g”. Kisha siku moja anaiona ikiwa kati ya “n” na “t”, na hakuna aliyemwandaa.

Makosa yenyewe yanasema mengi kwa mwenye kuyasikiliza. Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote katika madaftari si kuiacha alama, bali kuiweka mahali pasipo pake: “do'nt”, “did'nt”, “is'nt”. Kwa muda mrefu nililipigia mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika umbo sahihi kando, kana kwamba mtoto amekosea kwa kutojali. Sasa ninaamini kwamba anayeandika “did'nt” amefikiri sana. Amejifunza “I'm”, “we're” na “it's”, na katika maneno hayo matatu pengo limeangukia palepale maneno mawili yanapokutana, ndipo akahitimisha kwamba alama hii ni uzi wa kushonea neno moja kwenye jingine. Akipewa “did” na “not”, anaushona uzi kati ya “did” na “nt”, kama fundi yeyote mwaminifu angefanya. Kosa si lake. Ni letu sisi tuliomfundisha kwa mifano ambayo haiwezi kutofautisha kiungo na pengo.

Kwa sababu hiyo nimebadilisha mpangilio. Vitabu vingi huanza na “I'm” kwa kuwa ni fupi na hutumika kila siku; mimi huanza na ukoo wa “n't”, yaani “didn't”, “isn't”, “hasn't” na ndugu zao, kwa kuwa huko kiungo kiko mahali pamoja na pengo liko pengine, na mtoto hana budi kuchagua. Akishaelewa kwamba alama inaifuata herufi iliyotoka hata kama imetoka katikati ya neno la pili, “I'm” haimsumbui tena. Anayeanza na “I'm” hulazimika baadaye kufundua alichofunda, na kufundua ni kazi ngumu kuliko kufunda.

Kuna jambo la ndani zaidi, nalo ni la sikio. Mtoto aliyezaliwa London katika nyumba ya Kiingereza husikia “don't” maelfu ya mara kabla hajajua kusoma, na huenda asisikie “do not” ila mama yake anapokasirika. Kwake yeye umbo fupi ndilo neno, na lile refu ni somo la shuleni. Mtoto wetu hupitia njia hiyo kinyumenyume: Kiingereza chake kingi kimetoka ubaoni na kitabuni, kwa hiyo “do not” ndiyo ya kwanza, na “don't” ni neno jipya ambalo lina tahajia yake ya ajabu. Ushahidi wa tofauti hii uko katika makosa. Waingereza na Wamarekani wengi, watu wazima wakiwamo, huandika “should of” badala ya “should've”, kwa sababu sikio lao limesikia sauti mbili zinazofanana na mkono ukaandika kilichosikika. Katika miaka yangu yote ya kusahihisha insha za watoto wa Nairobi, kosa hilo nimelikuta mara chache mno. Wetu hawasikii vibaya, hawajasikia kabisa.

Maagizo ya vitabu vilivyoandikwa ng'ambo hudhani kwamba sikio limekwisha kufanya kazi yake na kwamba kilichobaki ni kuufundisha mkono. Hapa kwetu sikio lenyewe ndilo la kuanza nalo. Siku hizi kipindi cha kwanza hatuandiki neno hata moja la Kiingereza. Mmoja anasema “I did not see him” polepole, mwenzake anaisema haraka, wa tatu haraka zaidi, mpaka sentensi inaanza kubanana mdomoni, na wote wanasikiliza ni sauti gani iliyokuwa ya kwanza kuanguka. Ni kipindi chenye kelele, na mpangaji wa juu amewahi kuja kuuliza kama kuna ugomvi.

Kisha tunageukia simu. Nilichukua ujumbe ambao ungeweza kuandikwa na mzazi yeyote wa mtaa huu jioni yoyote, nikauandika kwenye ubao mdogo nilionao: “Nko steji. Ntafika saa mbili. Sjui kama unga uko.” Nikawauliza ni nini kimetoka. Hawakuhitaji hata kufikiri. “Nko” ni niko, “ntafika” ni nitafika, “sjui” ni sijui. “I” ndiyo iliyokimbia kila mara, na hakuna aliyeiona ikiondoka kwa kuwa hakuna aliyeacha alama. Nikampa kila mtoto chaki aweke ritifaa pale herufi ilipokuwa: n'ko, n'tafika, s'jui. Baadaye nikawaambia kwamba watu wa Mwambao wanaposema n'takuja, wako wanaoiandika hivyohivyo na ritifaa yake, na kwamba si kosa. Mtoto aliyeuliza swali la ng'ombe alilitazama lile “n't” la n'takuja, akalitazama “n't” la “don't”, akasema, “Zinafanana lakini kilichotoka si kimoja.” Ni kweli: katika n'takuja kilichotoka ni “i”, katika “don't” ni “o”, na katika maneno yote mawili alama imesimama baada ya “n” kwa sababu moja. Nilitamani kumpa maandazi yote yaliyobaki.

Ninakiri kwamba wapo walimu wenzangu wa Kiswahili ambao hawatapenda kuona ujumbe wa simu ukiletwa ubaoni, kwa hofu kwamba tunauhalalisha. Ninaielewa hofu yao, lakini siwafundishi watoto kuandika “sjui”. Tayari wanaiandika, au wanaisoma katika simu za wazazi wao. Ninachowafundisha ni kuona kwamba ufupishaji si ujanja wa Wazungu, bali ni jambo ambalo kila mdomo hufanya ukiwa na haraka.

Kiswahili sanifu chenyewe hufupisha kwa wingi na bila alama yoyote. Kaka yangu huwa kakangu, mwana wangu huwa mwanangu, na yeye huwa naye, na mimi huwa nami, baba yako huwa babako, na mtoto wa Gredi ya Nne hana shida kuyakunjua maneno hayo akiulizwa. Katika ushairi jambo hilo lina hata jina la heshima, inkisari, na hufanywa ili mizani itimie. Mstari unaosema “Ninakuambia mwenzangu” una mizani tisa, nao ukitakiwa kuwa na nane, mshairi huutoa “ni” wa mwanzo na kusema “Nakuambia mwenzangu”, na hakuna hakimu wa lugha atakayemshtaki. Watoto wakubwa kidogo, wale wa Gredi ya Sita ambao wamekwisha kuhesabu mizani darasani, huelewa kwa haraka sana nikiwaambia kwamba “don't” ni inkisari ambayo Waingereza wameilazimisha iache alama ya miguu mlangoni. Kwa hakika nashangaa kwamba hatuufanyi ulinganisho huo kila siku, ilhali walimu wa masomo haya mawili hukaa meza moja katika chumba cha walimu na kuazimana chaki.

Tangu siku ile ya ujumbe wa simu tunatumia maneno mawili, kukunja na kukunjua, kama nguo. Kila neno lililokunjwa lazima liweze kukunjuliwa, na ukishindwa kulikunjua hulijui bado. Jaribio hilo limetusaidia mahali ambapo kanuni za kitabuni zilikuwa zikitukwamisha, hasa katika maneno ambayo hukunjuliwa kwa njia mbili. “He's tired” ni “he is”. “He's eaten” ni “he has”. “She'd gone” ni “she had”. “She'd go” ni “she would”, na hapo herufi nne zimezikwa katika kaburi moja. Watoto hupenda kuhesabu marehemu. Katika “can't” wamegundua kwamba “cannot” ina herufi sita na umbo fupi lina nne, kwa hiyo waliotoka ni wawili, “n” mmoja na “o”. Katika “shan't” wamegundua mapengo mawili, la “ll” na la “o”, lakini alama ni moja, na wakalalamika kwamba huo ni upendeleo. Niliweza kuwaambia kwamba zamani kulikuwa na Waingereza waliolalamika vivyo hivyo na wakawa wakiandika “sha'n't”, kila pengo na alama yake, hadi watu wakachoka. Hata “o'clock” ina kaburi kubwa ndani yake, kwa kuwa asili yake ni “of the clock”. (Kwa nini “seven o'clock” yao iwe saa moja yetu ni mjadala wa Jumamosi nyingine.)

Neno lililotusumbua zaidi ni “won't”. Ukilikunjua kwa kanuni zetu unapata “wo not”, ambalo si neno, na mtoto mwangalifu atauliza kwa nini isiwe “willn't”. Jibu liko katika historia: katika Kiingereza cha enzi za kati, kando ya “will” kulikuwa na umbo jingine, “woll”, nalo “woll not” ndilo lililokunjwa likawa “won't”. Baadaye “woll” ikafa, lakini mkunjo wake ukabaki, kama jina la stendi linalobaki baada ya mti uliolipa jina hilo kukatwa. Sidhani kwamba mtoto wa miaka kumi anahitaji historia hiyo ili afaulu mtihani. Ninamweleza kwa sababu aliuliza, na kwa sababu mtoto anayejua kwamba jambo lina sababu huacha kuliogopa.

Kuna mahali ambapo mtaala wetu, wa zamani na wa sasa, humlazimisha mtoto kuyakuta maumbo haya hata kama mwalimu wake angependa kuyakwepa, nako ni katika vile viulizo vya mwishoni mwa sentensi. Sisi tuliopitia mfumo wa zamani wa elimu, ule wa 8-4-4, tuliyakariri kwa ajili ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023: “She can swim, can't she?”, “They left, didn't they?”. Kiswahili hutumia neno moja kwa yote, sivyo, awe ni nani na iwe ni jana au kesho, na ndiyo maana Kiingereza cha mitaani Nairobi kimejaa “isn't it?” mwishoni mwa kila dai: “You are coming tomorrow, isn't it?” Mtu anayesema hivyo anazungumza Kiswahili kilichovaa koti la Kiingereza, na kama hayuko kwenye mtihani anaeleweka vizuri. Mtihani hauna huruma hiyo. Ninachowafundisha watoto ni kwamba kiulizo hicho hunyang'anya kitenzi kilichotangulia na kukigeuza, kwa hiyo wakisikilize kitenzi. Kisha wanakutana na “I'm late, aren't I?” na wananiuliza “are” imetoka wapi, na hapo huwa nawaambia waikariri tu, kwa maana “amn't” haikupata kibali katika Kiingereza sanifu. Si kila mlango una ufunguo.

Kazi nyingine ya alama hii ni kuonyesha umilikaji, na hapa ndipo wazazi wengi huninong'onezea kwamba hata wao hawana uhakika. Kiswahili huanza na kitu na kumalizia na mwenye kitu: kitabu cha wavulana. Kiingereza humtanguliza mwenyewe. Maelezo ya kawaida, kwamba alama hutangulia “s” katika umoja na kuifuata katika wingi, huvunjika mara moja mtoto anapokutana na “children's” na “men's”, ambayo ni wingi lakini alama imetangulia. Mimi huwaambia waanze na Kiswahili. Uliza: kitabu cha nani? Ukijibu wavulana, andika jina la mwenye mali kwa Kiingereza hadi mwisho bila kuligusa, “boys”, kisha weka alama, kisha tazama kama mwishoni tayari kuna “s”. Kama ipo katika wingi, inatosha. Ukijibu mvulana mmoja, jina linaishia “boy”, weka alama, ongeza “s”. Ukijibu watoto, jina linaishia “children”, weka alama, ongeza “s”. Kanuni ni moja kwa zote tatu: mwandike mwenye mali akamilike ndipo umkabidhi mali yake. Basi za shule za wasichana zinazopita Jogoo Road ni zoezi zuri kwa watoto wanaosafiri, kwa kuwa neno “Girls” huandikwa ubavuni likiwa na alama kwa baadhi na bila alama kwa nyingine.

Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba hata alama hii ya umilikaji, kwa asili yake, ni kaburi. Katika Kiingereza cha kale nomino nyingi zilionyesha umilikaji kwa kuongeza “es” mwishoni, na sauti ya “e” ilipodhoofika na kutoweka, alama ikaja kukaa mahali pake. Alama yenyewe Waingereza waliipata katika karne ya 16, kwa kuwaiga Wafaransa, na jina lake lilitoka kwa Wayunani, ambao kwao lilimaanisha kugeuka upande. Kwa hiyo kazi mbili ambazo vitabu huzitenga katika sura mbili zina mzizi mmoja, na nilipowaambia watoto hivyo, mmoja aliuliza iwapo basi ng'ombe peke yake ndiye ambaye hakufiwa. Nikasema ndiyo, yeye, pamoja na Lang'ata na Murang'a.

“It's” na “its” ndizo zilizobaki kuwa mwiba. Mtoto aliyejifunza vizuri kwamba alama huonyesha umilikaji ataandika “the dog wagged it's tail” kwa dhamiri safi. Tunarudi kwenye kukunjua: ukikunjua unapata “the dog wagged it is tail”, mkia ambao haupo popote duniani, basi ondoa alama. Ninawaonyesha pia kwamba “his” haina alama, wala “hers”, wala “ours”, na kwamba “its” ni wa nyumba hiyo. Wanaelewa. Wiki inayofuata nusu yao wanakosea tena. Wala wasilaumiwe sana, kwa kuwa Waingereza wenyewe wa karne ya 17 waliandika “it's” kwa umilikaji bila aibu.

Inafaa watoto wajue pia kwamba wenye lugha hawajawahi kukubaliana juu ya jambo hili. Mwaka 1710 Jonathan Swift alichapisha malalamiko makali dhidi ya watu waliokuwa wakiyakatakata maneno ya Kiingereza. George Bernard Shaw alikwenda upande mwingine: aliandika “dont” na “wont” bila alama kwa kuwa aliiona kama uchafu kwenye ukurasa, lakini akaibakiza palipo na hatari ya neno kusomeka vingine, kama vile “he'll”, ambayo bila alama ni jehanamu. Mwaka 2001 John Richards, mwandishi wa habari mstaafu, alianzisha chama cha kuilinda alama hii huko Uingereza, na mwaka 2019, akiwa na miaka 96, alitangaza kwamba anakifunga kwa kuwa ujinga na uvivu vimeshinda. Jambo la Shaw limenipa zoezi zuri. Ninawapa watoto jozi kama “we'll” na “well”, “she'd” na “shed”, “we're” na “were”, nao hutunga sentensi ambazo alama ikianguka maana inaanguka nayo. Kwa njia hiyo wanaona ni wapi alama ni lazima kwa msomaji na ni wapi ni adabu tu.

Jambo moja ninalobishana nalo ni amri ya jumla, ambayo watoto huniletea kutoka shuleni, kwamba maumbo mafupi ni makosa katika insha. Barua kwa mwalimu mkuu haistahili “can't”, hilo nakubali. Lakini niliwahi kusahihisha insha ambamo mwizi aliyeingia dirishani usiku wa manane alimwambia mwenye nyumba, “Do not scream. I will not hurt you if you do not scream.” Mwizi yule alizungumza kama karani anayesoma agizo la mahakama. Nilipomuuliza mwandishi wake kwa nini, alinijibu kwamba walikatazwa. Nilimweleza kwamba ndani ya alama za usemi anayezungumza ni mwizi na si mwanafunzi, na mwizi ana haraka. Jumamosi iliyofuata mwizi alirudi akiwa na “don't” tatu katika sentensi mbili, na niliogopa kweli.

Kuhusu mabango ya mjini, ambako alama imehamia kwenye wingi na mtu akishuka River Road atasoma “CD's” na “Chip's”, sina la kuongeza ila kwamba Waingereza nao wana kosa hilohilo na hulisingizia wauza mboga wao. Kuhusu fomu za mtandaoni, mwenzangu mmoja ambaye jina lake lina ritifaa mbili ameambiwa na kompyuta zaidi ya mara moja kwamba jina lake si halali. Sasa ana vitambulisho vyenye ritifaa na akaunti zisizo nazo, na kila akitakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni yeye, huanza upya.

Simu ni tatizo jingine, kwa kuwa hubadilisha “were” kuwa “we're” na “its” kuwa “it's” bila kuuliza. Wiki mbili zilizopita niliwaandikia wazazi ujumbe wa Kiingereza kuhusu kitabu cha mazoezi tutakachokitumia muhula ujao, na kabla ya kuutuma sikuusoma tena. Baada ya dakika tano hivi nilipata jibu kutoka kwa simu ya mama wa yule mtoto wa swali la ng'ombe, lakini maneno hayakuwa ya mama. Lilisema: “Mwalimu, shikamoo. Hapo kwa it's cover, hebu kunjua.”